Madamu na Mto Ulio Chini ya Mto

Madamu hakuogopa nyoka, wala mkuu wa shule, wala wakaguzi, lakini mvua ikianza kugonga mabati ya darasa alinyamaza. Aliweka chaki mezani, akasogea dirishani, akasimama pale amejikumbatia, macho upande wa mto. Sisi wanafunzi tulifurahi kwa sababu somo limekatika. Tulidhani anapumzika. Miaka mingi baadaye, nilipokuwa mwalimu mwenzake katika shule ile ile, nilimuuliza siku zile alikuwa anatazama nini.

"Nilikuwa nawawaza," alisema.

"Nani?"

"Wale wadogo. Muda kama ule ndio wanahangaika kutafuta pa kujishika."

Shule yetu iko njia ya kwenda Maramba, ukishaipa mgongo Muheza na michungwa yake, pale vilima vya Usambara vinapoanza kuinuka. Nyuma yake unapita mto mdogo usiojulikana na watu wa mbali. Kiangazi unauvuka na magoti yako yakabaki makavu. Masika unaweza kubeba mti na mizizi yake. Madamu alifundisha Baiolojia, na mto ule ndio ulikuwa maabara yake, maana maabara ya shule ilikuwa chumba chenye kabati moja, kabati lenyewe limefungwa na ufunguo haujulikani uliko.

Alikuwa mfupi, mnene kiasi, mwenye mwendo wa haraka. Suti zake za kitenge zilikuwa zimepigwa pasi mpaka zinasimama zenyewe, kisha miguuni amevaa gambuti. Alipita hivyo barabarani asubuhi, na wanawake waliokuwa wakiuza vitumbua wakamwita, "Madamu, leo harusi au shamba?" Naye akajibu bila kupunguza mwendo, "Leo wadudu!"

Mara ya kwanza alipotupeleka mtoni tulikuwa kidato cha pili. Alitupanga ukingoni, akatukataza kuingia kwenye maji yanayopita magoti. Yeye mwenyewe hakujua kuogelea na hakuficha jambo hilo. "Nikimwona mmoja amezidi magoti," alisema, "nitapiga kelele mpaka Muheza wanisikie, maana kukufuata siwezi."

Kisha akatuambia tuinue mawe. Niliinua langu, nikaligeuza, sikuona kitu. Akaja akachutama pembeni yangu akasema, "Tulia. Usitafute, tazama tu." Nikatazama. Kidogo kidogo ule uchafu niliodhani ni uchafu ukaanza kutembea. Kulikuwa na mdudu bapa kama aliyekanyagwa, macho yako juu ya kichwa, nyuma ana mikia mitatu myembamba kama nywele. Kulikuwa na vijumba vidogo vya chembe za mchanga zilizogandishwa pamoja, na ndani ya kila kijumba kuna mwenyewe, anatoa kichwa na miguu, anakiburuta. Kwenye jiwe la mwenzangu, upande uliokuwa unapigwa na maji makali, kulikuwa na mabuu ya usubi yamesimama wima kama majani, yameng'ang'ania kwa ncha za mikia yao.

"Huyu bapa, maji yanapita juu yake hayamwoni," Madamu alisema. "Huyu mwenye nyumba amejipakia uzito. Hawa usubi wana vikulabu na gundi. Kila mmoja na akili yake."

Sheria yake ya kwanza ilikuwa kwamba tuandike tulichokiona, tusiandike kinachotufurahisha. Mwanafunzi mmoja aliandika kwamba mdudu anajenga nyumba kama binadamu mwenye bidii, na Madamu akapiga mstari mwekundu, akaandika: *Umemwuliza?* Lakini yeye mwenyewe aliivunja sheria hiyo kutwa. Aliwaita wadudu "wanangu". Kaa wa mtoni alimwita "huyu bwana". Siku moja nilimsikia akimpa pole konokono aliyebanduliwa na mtu mwenye haraka. Tulipomcheka alisema, "Mimi naongea nao. Kuandika ni jambo jingine."

Somo ambalo hakuna aliyepita mikononi mwake akalisahau ni la shimo. Alituuliza, "Mafuriko yakija, hawa wanakwenda wapi?"

"Wanakufa," tulisema.

"Wengi wanakufa, kweli. Na wasiokufa?"

Akachukua jembe, akatupeleka kwenye ufuko wa kokoto, hatua kadhaa kutoka kwenye maji, mahali pakavu kabisa. Akachimba. Kokoto, mchanga, kokoto. Tukaanza kunong'ona. Alipofika kama urefu wa mkono, shimo likaanza kujaa maji yenyewe, maji safi, ya baridi. Akayachota kwa sufuria, akayamimina kwenye sahani nyeupe, akatuambia tusubiri yatulie. Yalipotulia tukaviona: viumbe vidogo mno, vingine vyeupe kama uzi, vingine watoto wachanga wa wale bapa wenye mikia, wanaogelea kwenye maji yaliyotoka chini ya nchi kavu.

"Mto mnaouona ni wa juu tu," alisema. "Chini yake kuna mwingine, unapita polepole katikati ya kokoto. Juu kukichafuka, wanaowahi wanashuka huku. Wengine wanajibanza nyuma ya mawe makubwa ambayo hata mafuriko hayayasogezi, au kwenye mizizi ya kingoni. Wengine wanachukuliwa, wanatua mbele, wanaanza maisha upya huko. Na wale ambao wakati huo wameshaota mbawa, wako hewani, hawana habari. Maji yakipungua wanaruka kuelekea juu ya mto, wanakwenda kutaga."

Sufuria ile ilikuwa ya nyumbani kwake. Jambo hilo lilijulikana shule nzima kwa sababu ya mumewe.

Mumewe alikuwa dereva wa trekta aliyestaafu kwenye mashamba ya mkonge, mtu mrefu, mkimya, aliyefuga mbuzi. Walikaa kwenye nyumba ya mtelemko, si mbali na mto. Jioni tukirudisha vifaa alitupokea mlangoni, akaitazama sufuria, akamuuliza mkewe, "Leo hii ni ya wali au ya wadudu?" Madamu alijibu, "Ya wali kesho." Mzee akaichukua, akaenda nayo uani, akaisugua kwa majivu na mchanga, hakunung'unika. Wavu wetu wa kukingia wadudu ni yeye aliyeutengeneza, kipande cha chandarua kuukuu alichokishona kwenye duara la nondo. Siku ambazo jembe lilikuwa zito alilibeba yeye mpaka ukingoni, akalisimika kwenye kokoto, akarudi kwa mbuzi wake. Sidhani kama alitazama hata mara moja kilichomo kwenye sahani. Ila alijua saa tutakayomaliza, na chai ilikuwa tayari.

Nisimfanye Madamu malaika. Alikuwa mkali, tena mkali wa maneno, na alipenda kushinda. Kulikuwa na vijana wa pale kijijini waliokuwa wakitoa mawe mtoni na kuyauza kwa wajenzi. Alikwenda kuwakabili, nami nilikuwepo. Aliwaambia mafuriko yanakuja na kuondoka, na baada ya muda kila kitu kinarudi, kwa sababu mawe makubwa yanabaki na waliojificha nyuma yake wanatoka. Wao wakiyaondoa mawe yenyewe, hakuna pa kujificha tena, na mto utabaki mtaro. Vijana walimsikiliza kwa adabu. Kisha mmoja akawatazama wenzake, wakasema neno kwa Kibondei, wakacheka kidogo, ndipo akauliza, "Shikamoo Madamu, samahani. Msingi wa nyumba yako ni wa mawe ya wapi?"

Msingi ule ulikuwa wa mawe ya mto ule ule, na baba wa kijana yule ndiye aliyeyaleta.

"Marahaba," Madamu alisema mwishowe. "Ni ya hapa hapa. Wakati wa kujenga nilikuwa sijui madhara yake. Sasa najua, na mawe siwezi kuyarudisha bila kuivunja nyumba. Ndiyo maana nakuja kuwapigia kelele nyinyi."

Waliendelea kuchimba, lakini waliyaacha majabali ya kwenye kona ya mto, yale aliyokuwa anayapenda. Mpaka leo yapo.

Masika ambayo mzee alifariki, mimi nilikuwa nimeshaanza kufundisha. Mvua ilikuwa imenyesha milimani mfululizo, kwetu inanyesha na kukatika, kwa hiyo watu hawakujua mto unakuja na nini. Alfajiri, adhana imekwisha na mwanga unaanza kuonekana, Madamu alisikia mngurumo akamwamsha mumewe. Banda la mbuzi lilikuwa chini, karibu na maji. Mzee alichukua kisu akatoka.

Mbuzi walirudi wenyewe. Walipanda mpaka kibarazani wakasimama pale wanatetemeka, kila mmoja na kipande cha kamba shingoni, kamba imekatwa kwa kisu. Madamu aliwaona, akatoka nje anamwita mumewe. Tulipofika sisi majirani alikuwa bado anaita, na mahali palipokuwa na banda yalikuwa maji tu. Mzee alipatikana baadaye kwenye migomba ya watu, mbali kule chini.

Mazishi yalijaza watu, Waislamu na Wakristo, mpaka barabarani. Mchungaji alikuwa kijana mwenye moyo mzuri, na alitaka kusema neno litakalomgusa mjane. Alisema kwamba mama yetu ametufundisha jinsi wadudu wadogo wa mtoni wanavyovumilia gharika, wakajificha, wakatoka tena, mto ukajaa uhai. Basi nasi vivyo hivyo baada ya gharika hii tutainuka.

Madamu alisimama. Alikuwa amevaa khanga nyeusi, binti yake amemshika mkono, akautoa mkono taratibu.

"Mchungaji, samahani," alisema. Hakupaza sauti. "Wale wanataga mayai mamia. Wakifa karibu wote, wachache waliobaki wanaujaza mto. Mimi nilikuwa na huyu mmoja."

Akakaa. Nilimhurumia mchungaji, lakini alifanya jambo ambalo nimelikumbuka daima. Alikunja karatasi yake, akasema, "Nimekosea, mama. Tusali," na akasali sala fupi.

Baada ya hapo Madamu aliomba kustaafu, muda wake ulikuwa umekaribia, nami nikachukua madarasa yake. Mtoni hakwenda tena. Dirisha la upande wa mto alilifunga, na mbuzi akawagawa kwa majirani.

Maji yalipopungua niliwapeleka wanafunzi. Mto ulikuwa umehama kidogo, ufuko umegeuzwa, mawe yote ya kati yamesuguliwa mpaka hayana hata utelezi. Waliinua jiwe baada ya jiwe hawakupata kitu. Tukachimba shimo. Kwenye sahani, baada ya kusubiri sana, tukaona nyuzi chache nyeupe, na kitu kimoja chenye mikia, kidogo mno, tukabishana kama kweli ni chenyewe.

Kurudi nilipita kwake. Alikuwa kibarazani anachambua maharage kwenye ungo. Nilimwamkia, akaitikia, nikakaa. Kisha bila kuinua kichwa akauliza, "Mmepata nini?"

Lilikuwa swali la kwanza kuniuliza tangu mazishi. Nikamwambia.

"Wenye mikia?"

"Mmoja, mdogo mno."

"Huyo ametoka chini, au kwenye yai. Wakubwa walikwenda na maji." Akatupa jiwe moja nje ya ungo. "Usiwaambie wanafunzi ni muujiza."

"Sitawaambia."

"Waambie wengi walikufa. Waanzie hapo. Halafu waambie huyo mmoja."

Tangu siku hiyo kila tulipotoka mtoni nilipita, na kila mara aliuliza. Usubi walirudi kwanza, wamejaa juu ya mawe matupu, maana hawana mshindani. Halafu wale bapa. Wenye vijumba vya mchanga walichelewa sana, na niliona wanamtia wasiwasi. "Bado?" aliuliza. "Bado, Madamu." Akaguna. Siku tuliyowapata, nilimkuta amekaa mwanzo wa njia inayoshuka mtoni, juu ya gogo, miguuni kandambili. Hakusogea mbele zaidi ya hapo. Wanafunzi wakampelekea sahani, wakaishika mbele yake kwa mikono miwili, akainama akatazama kwa muda mrefu, machozi yanamtoka, akasema, "Haya. Warudisheni upesi, maji yanapata joto."

Mwaka uliofuata binti yake mkubwa, ambaye ni muuguzi, alimchukua wakaenda kukaa mjini, Ngamiani. Nilidhani mji utamchosha. Alinitumia sauti kwenye simu, ndefu, za malalamiko matamu: mfereji wa mtaa una mabuu ya mbu tu, watu wa huku wanaongea mpaka kuku wanashindwa kulala, jirani amempa samaki na yeye hajui kumwandaa samaki mzima mwenye kichwa na macho. Halafu zikaja sauti zenye kicheko, na nyuma yake kengele ya baiskeli. Mwezi uliopita ikaja moja fupi. "Njoo Jumamosi. Usilete machungwa. Njoo tu."

Nilipeleka machungwa. Binti yake alinifungulia mlango, tukasalimiana, ila sura yake ilikuwa imekunjamana. "Yuko ndani," alisema. "Ongea naye wewe, labda atakusikia." Akaingia chumbani kwake, mlango akauacha wazi kidogo.

Madamu alikuwa amenenepa. Alinikumbatia, akanikalisha, akaanza kumenya machungwa yangu kwa kisu kidogo, akamenya matatu bila kula hata moja.

"Nimeposwa," alisema.

Nilitaka kucheka, nikaona hatanii.

"Ni fundi baiskeli wa hapo kona. Mgane. Tunasali naye kanisa moja." Aliyapanga maganda kwenye sahani. "Mwanangu anasema namsahau baba yake. Na mimi usiku najiuliza hivyo hivyo."

"Unampenda?"

"Ananichekesha. Mzee wangu hakuwa wa kunichekesha. Yeye alinituliza. Sijui kama mtu anaruhusiwa kupata vyote viwili." Akanitazama. "Sijamjibu. Ameniambia, kabla sijamjibu, nimweleze mwenzangu alikuwa mtu gani, kwa sababu hataki kuingia nyumba ambayo hamjui mwenyewe. Nimejaribu. Nikifungua mdomo nalia. Anakuja sasa hivi. Wewe ulimjua mzee. Mwambie wewe."

Ikapigwa hodi. Aliingia mtu mfupi, mwenye mvi, vidole vyeusi vya girisi ambayo haitoki tena kwa sabuni, amevaa shati la kwenda kanisani ingawa ilikuwa Jumamosi. Alinisalimu kwa heshima kana kwamba mimi ndiye mkubwa. Madamu alitutazama sote wawili, akasema anakwenda kutia chai, akakimbilia jikoni.

Yule fundi alivua kofia akaiweka gotini. "Mwalimu," alisema, "mimi nasikiliza."

Nikaanza vibaya. Nilisema alikuwa mtu mwema, mpole, mcha Mungu, maneno yanayosemwa juu ya kila marehemu. Fundi aliitikia kwa kichwa, anangoja. Basi nikaacha, nikamwambia nilichokiona mwenyewe. Nikamwambia kwamba mvua ikinyesha wakati wa kutoka shule, mzee yule alikuwa anakuja getini na mwavuli, hasemi neno na mlinzi, anasimama tu. Madamu akitoka anamfunika, yeye mwenyewe bega moja liko nje linalowa, wanaondoka hivyo bila kuzungumza, na sisi wasichana tuliokuwa dirishani tunatazamana. "Mwavuli mweusi mkubwa," nilisema, "nauona mpaka leo."

Jikoni vikombe viliacha kugongana.

"Haukuwa mweusi," sauti ya Madamu ilitoka huko. "Ulikuwa wa buluu. Na ulikuwa na tundu."

Akatokea mlangoni anajifuta mikono kwa khanga. Alikuwa ameshaanza kulia, lakini safari hii hakugeuka kurudi. Alivuta stuli akakaa mbele ya fundi.

"Niliununua mwenyewe Muheza," alisema. "Ukatoboka mwaka ule ule. Nikamwambia tutupe, akakataa, akasema tundu liko upande wake. Alfajiri ile ya mafuriko aliuchukua, akafika nao mlangoni, akausimamisha ukutani akauacha. Nikamwambia, baba, utalowa. Akasema, mikono yote miwili nitaihitaji."

Kofia ya fundi ilikuwa imetulia gotini. Nilisikia mlango wa chumbani ukifunguka. Binti alitoka, macho mekundu, akapita katikati yetu, akakaa chini kwenye mkeka, akaegemea magoti ya mama yake.

"Hilo hukuwahi kuniambia," alisema.

Madamu aliweka mkono juu ya kichwa cha mwanawe.

"Endelea, mama," binti alisema. "Mwambie na siku baba alipokuja kukuchumbia."